Kupanga nambari ya simu mtu anapoiandika kwenye apu: mwongozo kutoka Marikiti

Saa kumi na moja alfajiri, Soko la Wakulima, lile tunaloliita Marikiti. Malori ya kabeji na viazi kutoka Kinangop yanashusha mzigo. Mama mmoja anayeuza kabeji kwa jumla ameshika simu kwa mkono wa kushoto na anaandika kwa kidole gumba. Wa kulia umeshikilia gunia. Mteja anamsomea nambari: "Sufuri saba moja mbili, tatu tano nne, sita saba nane." Halafu anajirekebisha: "Pole mama, ni tatu nne tano."

Mama anagusa katikati ya nambari, anafuta ile 5 na ile 4, anaandika 4. Hapo kiteuzi, kile kijistari kinachowaka na kuzima, kinaruka hadi mwisho wa kisanduku. Yeye hatazami kioo, anamtazama mteja. Anaandika 5, na ile 5 inakwenda kukaa nyuma ya 8. Alichotaka ni 0712 345 678. Alichopata ni 0712 346 785. Ni tarakimu kumi kamili, nambari isiyo na kasoro yoyote machoni pa programu, ila si ya mteja wake. Ombi la malipo likaenda kwa mtu mwingine.

"Kijana," akaniambia, "hii kitu yako inanibadilishia nambari."

Alikuwa amesema kweli. Sehemu hiyo ya apu niliiandika mimi, na niliiandika nikidhani kwamba kupanga nambari ni suala la kuweka nafasi mbili tatu ili ipendeze. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ambayo mwongozo huu wote unaizunguka: tarakimu ni mali ya anayeandika, nafasi ndizo zako wewe mwunda apu. Panga nafasi upendavyo, lakini usiguse tarakimu zake wala usimnyang'anye mahali alipokuwa akiandika.

Hatua ya 1: Ijue nambari kabla ya kuipanga

Nambari ya simu ya mkononi ya Kenya ina tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi, 254. Tukiandika kienyeji tunaanza na 0, kwa hiyo zinakuwa kumi. Kwa miaka mingi zote zilianza na 07, na apu nyingi za zamani bado zinaamini hivyo. Tangu 2019 zipo zinazoanza na 01, kama 0110 na 0100. Ukiwa na sharti la "lazima ianze na 07" mahali fulani kwenye msimbo wako, litoe leo. Simu za mezani za Nairobi huanza na 020 na hizo nazo ni nambari halali, ingawa huwezi kuzitumia ombi la M-Pesa.

Usijaribu kutambua kampuni ya simu kwa kutazama tarakimu za mwanzo. Kenya iliruhusu mtu kuhama mtandao na nambari yake mwezi Aprili 2011, na kuanzia hapo 0722 haikuambii kwa uhakika mtu yuko mtandao upi. Nimeona apu zinazobandika nembo ya kampuni kando ya kisanduku mtu anapofikisha tarakimu ya nne. Inavutia, na mara nyingine inadanganya.

Jambo kubwa zaidi ni jinsi watu wanavyoandika. Kaa na watumiaji wako saa moja utaona: 0712 345 678, 712345678, 254712345678, +254 712 345 678, na hata +254 0712 345 678, ambapo mtu ameweka msimbo wa nchi na bado akaiacha ile sufuri. Wote hao wanajua nambari yao vizuri. Ni kazi yako kuwaelewa, kila mmoja kwa namna yake.

Hatua ya 2: Tenganisha kinachoonekana na kinachohifadhiwa

Kwenye hifadhidata weka umbo moja tu, lile la kiwango cha E.164 cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha nambari, bila nafasi wala vistari, tarakimu zisizozidi 15 kwa jumla. Yaani +254712345678. Ihifadhi kama maandishi. Ukiihifadhi kama nambari ya hesabu, sufuri ya mwanzo inapotea na alama ya kujumlisha pia.

Huduma za nje zina matakwa yao. Daraja, mlango wa programu wa M-Pesa, unataka 254712345678 bila ile alama. Usibadilishe hifadhidata yako kwa ajili hiyo. Ondoa alama pale mlangoni, sekunde ile unapotuma ombi, na ndani ya nyumba yako ubaki na umbo moja.

Kugeuza kwenda E.164 kufanyike mtumiaji akishamaliza, anapobonyeza "Endelea", si anapoandika. Ikianza na 0 na zikiwa kumi, toa 0 uweke +254. Zikiwa tisa na zinaanza na 7 au 1, tanguliza +254. Ikianza na 2540 au +2540, toa ile sufuri ya katikati. Ikianza na 000, ambayo ndiyo njia ya kupiga nje ya nchi kutoka Kenya, weka alama ya kujumlisha badala yake.

Hatua ya 3: Safisha

Kila herufi inapoingia, kwanza pata tarakimu tupu. Mifano hapa ni ya Dart, lugha ya Flutter (chombo cha Google cha kuunda apu), lakini mantiki ni ileile popote.

```dart
String safisha(String maandishi) {
  final wazi = maandishi.replaceAll(RegExp(r'[^0-9+]'), '');
  final alama = wazi.startsWith('+') ? '+' : '';
  return alama + wazi.replaceAll('+', '');
}
```

Tazama mpangilio wa hatua humo ndani. Takataka zinatolewa kwanza, ndipo tunauliza kama kuna alama ya kujumlisha mwanzoni. Nilipofanya kinyume chake, nambari zilizonakiliwa kutoka orodha ya majina ya simu zilipoteza alama hiyo bila sababu ninayoiona. Sababu ilikuwa haionekani kweli: baadhi ya simu, ukinakili nambari, huibandika pamoja na herufi fiche za kuonyesha mwelekeo wa maandishi, kama U+202A mwanzoni na U+202C mwishoni. Machoni hazipo, ila programu inaziona, na kwake herufi ya kwanza si "+".

Hatua ya 4: Amua makundi

Hapa sikio ndilo mwalimu. Mkenya akikusomea nambari anavuta pumzi mara mbili: nne, tatu, tatu. Kwa hiyo 0712 345 678. Mtu anapolinganisha anachosikia na anachokiona kwenye kioo, makundi yakifanana na pumzi za msemaji, kosa linajitokeza lenyewe.

Nasema hivi kwa sababu maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) iliyo maarufu kuliko zote, libphonenumber ya Google, haipangi hivyo. Inaiandika nambari ya Kenya kama 0712 345678, kundi la tarakimu nne na kundi la tarakimu sita. Si kosa la hesabu, na maktaba hiyo ni nzuri sana kwa kuhakiki nambari za dunia nzima. Mimi huitumia kwenye seva. Lakini tarakimu sita zilizoshikana ni nyingi kwa jicho la mtu aliyesimama sokoni. Kwa nambari za Kenya ninapanga mwenyewe.

```dart
String panga(String safi) {
  List<int> makundi;
  if (safi.startsWith('+25')) {
    makundi = [4, 3, 3, 3];
  } else if (safi.startsWith('+')) {
    return safi;
  } else if (safi.startsWith('254')) {
    makundi = [3, 3, 3, 3];
  } else if (safi.startsWith('0')) {
    makundi = [4, 3, 3];
  } else {
    makundi = [3, 3, 3];
  }
  final tokeo = StringBuffer();
  var i = 0;
  for (final urefu in makundi) {
    if (i >= safi.length) break;
    if (i > 0) tokeo.write(' ');
    final mwisho = min(i + urefu, safi.length);
    tokeo.write(safi.substring(i, mwisho));
    i = mwisho;
  }
  tokeo.write(safi.substring(i));
  return tokeo.toString();
}
```

Neno `min` linatoka `dart:math`, usisahau kuliita juu ya faili.

Mambo matatu ndani ya msimbo huo ni ya makusudi. Kwanza, +25 inatosha kwa majirani wengi: Tanzania ni +255, Uganda +256, Rwanda +250, na zote zina tarakimu tisa baada ya msimbo, kwa hiyo makundi yaleyale yanawafaa. Nambari ya Uingereza au Marekani inaachwa jinsi ilivyo. Afadhali isipangwe kabisa kuliko ikatwe mahali pasipostahili. Ukiwa na watumiaji wengi wa huko, hapo ndipo libphonenumber na chombo chake cha AsYouTypeFormatter, ambacho hupokea tarakimu moja baada ya nyingine, vinapolipa.

Pili, nafasi inaingia tarakimu ya tano inapofika, si ya nne inapomalizika. Ukiweka nafasi mapema, mtu akifuta anafuta nafasi, programu inairudisha, anafuta tena, inarudi tena. Nimemwona mzee wa Kangemi akibonyeza kitufe cha kufuta mara saba kisha akaizima simu.

Tatu, tarakimu za ziada hazikatwi. Zinaonekana. Mtu akiandika kumi na moja, aone kwamba ni kumi na moja.

Na jambo la nne ambalo msimbo haufanyi: haugeuzi 0 kuwa +254 mtu akiwa katikati ya kuandika. Aliyeanza na 0 amalize na 0. Kubadilisha umbo la nambari chini ya kidole chake ni sawa na kumsogezea kiti anapoketi.

Hatua ya 5: Kiteuzi

Hili ndilo lililomkosesha yule mama pesa yake asubuhi ile, kwa hiyo tukae nalo.

Programu inapobadilisha maandishi yote ya kisanduku, haijui tena kiteuzi kilikuwa wapi, na mara nyingi inakipeleka mwisho. Suluhisho la haraka ambalo wengi hulifikia ni kukumbuka nafasi yake kwa hesabu ya herufi: kilikuwa baada ya herufi ya saba, kirudishe baada ya herufi ya saba. Halifanyi kazi, kwa sababu nafasi zinaongezeka na kupungua, na herufi ya saba ya sasa si ile ya awali.

Hesabu tarakimu badala ya herufi. Uliza: upande wa kushoto wa kiteuzi kuna tarakimu ngapi? Ukishapanga upya, kirudishe mahali ambapo kushoto kwake kuna idadi ileile.

Turudie tukio la sokoni. Kisanduku kina 0712 354 678. Mama amefuta 5 na 4, imebaki 0712 367 8, na kiteuzi kiko baada ya 3. Kushoto kwake kuna tarakimu tano. Anaandika 4. Sasa kushoto kuna sita: 0, 7, 1, 2, 3, 4. Tunapanga upya, inakuwa 0712 346 78. Tunatafuta mahali penye tarakimu sita kushoto: ni kati ya 4 na 6. Kiteuzi kinakaa hapo. Anaandika 5, inaingia baada ya 4, na nambari inakuwa 0712 345 678. Hakuhitaji kutazama kioo.

```dart
int mahaliPaKiteuzi(String iliyopangwa, int idadi) {
  var zilizopita = 0;
  for (var i = 0; i < iliyopangwa.length; i++) {
    if (zilizopita == idadi) return i;
    if (iliyopangwa[i] != ' ') zilizopita++;
  }
  return iliyopangwa.length;
}
```

Alama ya kujumlisha nayo inahesabiwa kama tarakimu, ili hesabu ya kushoto ilingane na ile ya `safisha`.

Bado kuna mtego wa kufuta. Mtu amegusa mara tu baada ya nafasi, mbele ya 3, na anabonyeza kufuta. Kilichofutwa ni nafasi tu. Tarakimu ni zilezile, kwa hiyo baada ya kupanga upya nambari haijabadilika hata kidogo. Yeye alitaka kufuta 2. Itambue hali hiyo: maandishi mapya ni mafupi kuliko ya zamani, lakini tarakimu safi hazijabadilika. Ikitokea, ondoa wewe mwenyewe tarakimu iliyo kushoto kwa kiteuzi, punguza idadi kwa moja, ndipo upange.

Hatua ya 6: Kwenye mfumo wako

Flutter: weka haya yote ndani ya TextInputFormatter, na urudishe TextEditingValue yenye maandishi pamoja na mahali pa kiteuzi. Usitangulize FilteringTextInputFormatter.digitsOnly, itaila alama ya kujumlisha kabla hujaiona.

Android ya kawaida ina PhoneNumberFormattingTextWatcher tayari. Ukiitumia, ipe "KE" wazi (inawezekana kuanzia toleo la Android liitwalo API 21), maana usipoipa inafuata nchi iliyo kwenye mipangilio ya lugha ya simu, na simu nyingi hapa mjini zimewekwa Kiingereza cha Marekani. Makundi yake ni yale ya libphonenumber. Ukiandika TextWatcher yako, kumbuka kwamba kubadilisha maandishi ndani ya afterTextChanged, sehemu inayoitwa kila maandishi yanapobadilika, kunaiita tena afterTextChanged. Weka kizuizi, la sivyo apu itajizungusha hadi ianguke. Aina ya kisanduku iwe phone, si number, kwa kuwa number inakataa nafasi na alama ya kujumlisha.

Kwenye Jetpack Compose, njia mpya ya kuunda skrini za Android, kazi ni safi zaidi kuliko kote. VisualTransformation inakuacha uhifadhi tarakimu tupu huku kioo kikionyesha nafasi, na OffsetMapping ndiyo ile hesabu yetu ya kiteuzi. Ikikosea, apu inaanguka papo hapo, jambo ambalo nalipenda: kosa linaonekana ofisini badala ya sokoni.

Kwa iPhone chagua kibodi ya phonePad, kwa kuwa numberPad haina alama ya kujumlisha. Kwa React Native, chombo kingine cha kuunda apu, jihadhari na maxLength, kikomo cha idadi ya herufi. Ukiiweka 12 kwa kufikiria 0712 345 678, mtu akibandika +254 712 345 678 inakatwa kabla `safisha` haijaifikia, na unabaki na nusu ya nambari.

Popote ulipo, washa ujazaji wa moja kwa moja wa nambari ya simu. Kibodi ikimpa mtu nambari yake tayari, hakuna haja ya kuiandika.

Hatua ya 7: Makosa yasemwe kwa wakati wake

Usipake kisanduku rangi nyekundu mtu akiwa ameandika tarakimu tatu. Bado anaandika. Subiri aondoke kwenye kisanduku au abonyeze kitufe, kisha useme lililopo: "Nambari hii inaanza na 0 na ina tarakimu 9, inapaswa kuwa na 10." Ujumbe wa "nambari si sahihi" unamwacha mtu akihesabu peke yake.

Na kabla ya kutuma ombi la pesa, ionyeshe nambari mara ya mwisho, kubwa, kwa makundi yaleyale. Nambari inaweza kuwa halali na bado isiwe ya mtu anayekusudiwa. Hakuna maktaba itakayoligundua hilo, ni jicho la mwenye simu tu.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa kidole

Majaribio ya programu ni lazima, ila kidole gumba kinajua mengine. Chukua simu ya bei nafuu, iliyojaa picha, ile inayochelewa kidogo kuitikia. Andika haraka. Bandika nambari kutoka WhatsApp, kutoka ujumbe wa M-Pesa, kutoka orodha ya majina. Chagua tarakimu tatu za katikati uzifute kwa pamoja. Gusa kila upande wa kila nafasi ufute. Andika sufuri mwanzoni mwa nambari iliyokwisha kuandikwa bila sufuri, uone makundi yakihama kutoka tatu-tatu-tatu kwenda nne-tatu-tatu na kiteuzi kikibaki mahali pake. Kisha panda matatu, simama, shika chuma kwa mkono mmoja, ufanye yote tena.

Sisi tulipomaliza marekebisho tulibaki na nambari za zamani zilizohifadhiwa kwa maumbo matano tofauti. Tulizigeuza zote kwenda E.164 kwa kanuni za hatua ya 2, tukaunganisha akaunti za wateja waliokuwa wamejisajili mara mbili, mara moja kwa 07 na mara moja kwa 254. Zilizobaki bila kueleweka tulimpelekea yule mama wa kabeji na wenzake orodha iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, maana wao ndio waliowajua wateja hao kwa sura. Nyingi walizisahihisha papo hapo, juu ya magunia.